Nati Iliyopakwa Rangi

Wahenga waliposema mficha uchi hazai, hawakuwa wakizungumzia nguo. Mzazi mwenye uchungu asiyetaka mkunga amwone atahangaika peke yake, na mkunga yupo mlangoni. Ndivyo alivyo kila mwenye shida asiyetaka kuisema: msaada uko karibu, lakini yeye mwenyewe ameufungia nje. Methali hii watu huitamka wakicheka. Fundi Difu naye aliwahi kuicheka, tena sana, kabla haijamgeukia.

Jina hilo la Difu alipewa na madereva, kwa sababu alikuwa akiifungua difu ya gari, ile gia ya kati ya magurudumu ya nyuma, kuitengeneza na kuirudisha huku akipiga soga, bila kupoteza hata boliti moja. Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye sakafu iliyolowa oili miaka nenda miaka rudi. Hapo zililetwa pikapu kuukuu za milimani, nyingine zimezaliwa kabla ya madereva wao. Wenyewe walitaka ziinuliwe ili zipite kwenye mawe na matope: springi ngumu, tairi kubwa, vyuma vya usukani virekebishwe vilingane na kimo kipya. Kazi hiyo haina mchezo. Ukiinua gari, umegusa kila kitu kinacholielekeza.

Kwa hiyo gereji ilikuwa na desturi yake. Nati za usukani hufungwa, kisha hupitishwa kijipini cha chuma katikati yake na miguu ya kijipini hukunjwa, ili nati isijifungue kwa mtikisiko. Baada ya hapo mtu wa pili huja kukagua, na ndipo nati hupakwa rangi ya njano. Nati ya njano haiguswi tena na mtu. Rangi ile ilikuwa kama kiapo.

Lakini siku za karibuni Difu alikuwa ameikata desturi hiyo katikati. Alifunga mwenyewe, akapaka mwenyewe. Shemeji yake, mchomeleaji waliyemwita Cheche, alipomuuliza sababu, alijibiwa kwamba mwalimu hasahihishiwi na mwanafunzi. Cheche akacheka, akarudi kwenye kazi yake ya kuchomelea.

Ukweli ulikuwa mwingine. Jicho la kulia la Difu lilikuwa limejaa moshi, na la kushoto lilimwonyesha dunia kama anayechungulia kwenye bomba. Hakumwambia mtu. Alikuwa akitafuta spana kwa kupapasa, akijifanya anawaza. Nyumbani alimimina chai nje ya kikombe, akaisingizia taa. Mkewe alipangusa meza. Difu aliogopa jambo moja tu, nalo lilimkosesha usingizi: kwamba siku watu wakijua haoni, hakuna atakayemwachia gari lake, na yeye bila magari hakujua angekuwa nani.

Basi asubuhi hiyo Mchukuzi alikuja kuchukua pikapu yake. Mchukuzi alikuwa mtu wa maneno mengi aliyepeleka mizigo na abiria vijiji vya mlimani, na gari lake lilikuwa limeinuliwa likafika kifuani. Alilizunguka, akalipiga pigapiga kama mtu anayempongeza fahali, akaondoka.

Difu alibaki akikusanya vitu vyake. Vidude vidogo vya kila gari aliviweka kwenye kifuniko cha kopo ili visipotee. Akapitisha vidole kwenye kifuniko cha gari la Mchukuzi, na vidole vikagusa kitu. Akakiokota. Akakisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kilikuwa kijipini, miguu yake imenyooka, hakijakunjwa bado.

Akajiambia kimezidi tu, maana wakati mwingine mtu huchukua kimoja cha akiba. Lakini je, alichukua cha akiba? Akajaribu kukumbuka. Upande wa kulia alikumbuka vizuri, hata jinsi kijipini kilivyomchoma. Upande wa kushoto alikumbuka kulala chini, shingo ikimuuma, na kidole kikigusa ncha ya waya. Alidhani ni kijipini. Akapaka rangi. Sasa akawaza kwamba pale pale karibu na nati hupita waya uliofungia mpira wa breki, na ncha ya waya na ncha ya kijipini kwa kidole ni kitu kimoja. Nati isiyo na pini, kwenye njia ya mawe, hujifungua kidogo kidogo. Ikitoka, usukani unazunguka bure mkononi na gari huenda linakotaka.

Wakati huohuo mkewe aliingia na chupa ya chai. Alikuwa akisimulia habari za nyumbani kama kawaida yake, kwamba gari la zahanati limeharibika tena, na kwamba binti yao, ambaye ni muuguzi, amelazimika kutafuta usafiri mwingine wa kupeleka chanjo mlimani. Amebahatika, akasema mkewe. Amepanda na Mchukuzi.

Difu alikaa juu ya tairi. Hapa tusimsitiri: mpaka dakika ile alikuwa karibu kujishawishi anyamaze. Kumbe roho ya Mchukuzi alikuwa ameipima, akaiona inaweza kusubiri. Ya mwanawe haikusubiri.

Akamwomba mkewe ampigie Mchukuzi, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuona namba. Alisema mikono yake ina grisi. Simu ikapokelewa, na injini ikasikika ikinguruma nyuma ya sauti. Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi, yakageuka. Difu akasema anataka gari lirudi kidogo, asikilize injini.

Mchukuzi akacheka. Injini inaimba, akasema, fundi apumzike, ataisikiliza akirudi. Difu akauliza kama binti yuko salama, akaambiwa yuko mbele kabisa, amepakata sanduku la chanjo kama mtoto. Kisha sauti ikakatika. Walikuwa wamepita machimbo ya mawe, na kuanzia hapo simu haishiki mpaka juu mlimani. Mkewe akapiga tena na tena bila mafanikio. Alikuwa akimtazama mumewe usoni sasa.

Difu akamwendea Cheche akijigonga kwenye bampa. Akamtaka awashe ile pikapu ya gereji, ile isiyo na boneti wala milango waliyokuwa wakijaribia vipuri, wawafuate. Cheche akainua kinyago cha kuchomelea, akauliza kuna nini. Difu akasema hakuna kitu, twende tu. Cheche akamjibu kwamba ana chesi ya gari la mtu, ile fremu ya chini, iliyokatwa nusu, na kama hakuna kitu basi kitu hicho kingoje. Akashusha kinyago.

Fundi akasimama pale, cheche za moto zikimrukia miguuni. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo:

"Shemeji, mimi sioni. Gari la Mchukuzi nimelifunga kwa kupapasa, na nadhani nati ya kushoto haina pini. Mwanangu yumo humo."

Cheche alizima mashine. Mke wa Difu, aliyekuwa amemfuata mumewe, akawaambia waende, yeye atabaki na simu, ataipiga mpaka ishike.

Pikapu ile ya gereji haikuwa na kioo wala honi. Vumbi liliwaingia puani na mawe yakarukia ndani. Difu alishikilia chuma kwa mikono miwili na kuuliza, kila baada ya kona, "Unaona nini?" Cheche akajibu haoni kitu. Wakapita machimbo. "Unaona nini?" Anaona njia tu. Mtu aliyezoea kuulizwa na watu wote, leo alikuwa anauliza kama mtoto. Kila kona aliliona gari kichwani mwake likiwa chini bondeni, sanduku la chanjo limepasuka, na binti hajibu. Akaanza kuomba Mungu kwa sauti, na Cheche hakumcheka.

"Ninaliona," akasema Cheche hatimaye.

Mchukuzi alikuwa amesimama mbele kidogo, pale njia inapoanza kuteremka kwa ukali na bonde kukaa upande wa kushoto. Pikapu za zamani hazipeleki nguvu ya injini kwenye magurudumu ya mbele kwa kubonyeza kitufe; dereva lazima ashuke akazungushe kifungio kwenye kila gurudumu la mbele. Alikuwa amemaliza la pili na anajifuta mikono. Cheche akakanyaga mafuta, na gari la gereji, kwa ukaidi wa magari mabovu, likakohoa likazimika katikati ya kilima. Cheche akapiga kelele. Mchukuzi akageuka, akadhani anasalimiwa, akapunga mkono na kupanda garini. Injini ikawaka.

Difu akaruka chini. Hakuona njia, alisikia injini tu, akaikimbilia hiyo sauti mikono mbele, akimwita mwanawe. Palikuwa na mtaro kando ya njia, mpana, mweupe kwa jua, ambao hata mbuzi angeukwepa. Fundi Difu akauendea mzimamzima, akatumbukia kifudifudi.

Binti aliyaona yote kwenye kioo cha pembeni. Alimwona baba yake akikimbia kuelekea mtaroni kama mtu asiye na macho, bila kusita hata kidogo. Akamshika Mchukuzi bega, akamwambia asimame, baba yake ameanguka. Gari lilikuwa limekwisha kuanza kujongea. Likasimama tairi za mbele zikiwa zimeanza kuinama kwenye mteremko.

Cheche hakwenda mtaroni. Alikwenda chini ya gari. Alipotoka kiganja chake kilikuwa kimefumbwa. Akakifumbua mbele ya Mchukuzi. Nati ya njano ilikuwa imelala hapo. Alikuwa ameizungusha mara moja tu kwa vidole, ikamdondokea mkononi.

Mchukuzi alitazama mteremko, akatazama nati. Akakaa chini kwenye kivuli cha gari lake. Baadaye ndipo alipomgeukia fundi, aliyekuwa ameinuliwa na binti, paji la uso likivuja damu.

"Ulinipigia simu, fundi. Ukaniambia habari za injini."

"Niliona aibu," akasema Difu.

"Aibu." Mchukuzi akatikisa kichwa. "Mimi nina watoto pia."

Binti akamfuta damu kwa pamba ya zahanati. Kisha akainua kidole upande wa kulia wa uso wa baba yake na kumuuliza anaona nini. Haoni. Akakihamisha. Haoni. Akakileta katikati, mbele ya jicho la kushoto, na hapo ndipo akakiona. Binti akaushusha mkono wake taratibu.

Chanjo zilifika mlimani siku hiyo baada ya Cheche kufunga nati upya na kuipitishia pini, na Mchukuzi na binti kulala chini ya gari kwa zamu kuikagua. Difu alipelekwa kwa daktari wa macho. Daktari alimulika, akapima, akaweka matone, akapima tena. Akaeleza kwamba ni presha ya macho, ugonjwa unaokula polepole na usiorudisha ulichokula. La kushoto wangeweza kulishika hapo lilipofikia, kwa dawa, maisha yote. La kulia lilikuwa limekwisha. Binti akauliza kama baba angekuja mapema ingekuwaje. Daktari akasema dawa ni hiyohiyo, matone tu, na angekuwa na macho mawili.

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la korido. Binti hakulia mpaka hapo.

"Baba, kila siku nawauliza watu nisiowajua wanaumwa wapi, wananiambia. Wewe tunakula meza moja."

Difu akatafuta mkono wa mwanawe kwa kupapasa, akaupata. Aliogopa kukosa magari, akakosa jicho; na kwa siri hiyo nusura amkose binti, ambaye angeweza kumwokoa kama angemwambia neno moja tu mezani. Gereji ilirudia desturi yake ya mtu wa pili, na wateja hawakukimbia kama alivyodhani, maana mikono yake bado ilikuwa ileile. Kumbe lililomtisha miezi yote lilikuwa jepesi kuliko alilolibeba ili kulificha. Jicho, hata hivyo, halikurudi. Msaada aliishi nao nyumba moja na asiupate, kwa sababu hakuuonyesha palipouma: mficha uchi hazai.