Ukuta wa Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale waliishi hondohondo wawili katika tundu la mti wa mninga. Mume aliitwa Mkomwa. Mke aliitwa Sikudhani.

Mila ya hondohondo ilikuwa hii. Jike akitaka kutaga huingia tunduni, na mlango huzibwa kwa udongo ili nyoka asipite. Hubaki ufa wa kupitishia chakula. Dume huleta, jike hupokea, wala hatoki mpaka watoto waweze kuruka.

Mwaka huo mvua ikakatika, panzi wakaadimika. Mkomwa akaruka asubuhi, akaruka mchana, akarudi na panzi mmoja. Vifaranga walikuwa watatu. Chii! Chii! Chii! Sikudhani akawagawia, yeye asile.

Akamwomba mumewe wabomoe ukuta, watafute wote wawili. Mkomwa akainama. Alisema ndege wenzake watamcheka kwamba nyumba imemshinda.

Mama yake Mkomwa, Bi Mwanamvua, alikuwa kwenye tawi la juu, akasikia.

"Mkamwana, umekuja kutufundisha? Mimi nilikaa humo mpaka mwisho, na sikufa."

"Hukufa, mama," Sikudhani akajibu taratibu.

Kulipokucha, sauti zilikuwa mbili. Chii! Chii! Kitinda mimba alikuwa amelala, shingo imelegea. Sikudhani hakuomba tena. Ko! Ko! Ko! Udongo ukaanguka, pu! Akatoka, mabawa mazito kwa kukaa. Akaruka mpaka bondeni, akafukua mchwa, akarudi. Akamlisha kitinda mimba kwanza. Kikohozi kidogo, kisha, chii.

Bi Mwanamvua akamwamuru mwanawe amrudishe mkewe ndani. Mkomwa akamgeukia mama yake.

"Mama, tulianguliwa wangapi?"

"Watatu."

"Wenzangu wako wapi?"

Bi Mwanamvua akaruka akaenda zake mtoni. Aliporudi, mdomoni mlikuwa na udongo. Akaziba mlango, akaacha ufa wa chakula, vifaranga ndani, mama yao nje.

Tangu siku hiyo hondohondo jike hutoka mapema. Watoto hujiziba wenyewe, na wazazi wote wawili hulisha.

Jamani, mila iliwekwa ili watoto waishi. Ikianza kuwaua, ibadilishwe. Na nyumba hulishwa na wawili.

Ngano yangu imetua hapo, juu ya mninga.