Kichuguu cha Kaijage

Nitupe, nisitupe?

Tupa, tutadaka!

Hapo zamani, zamani sana, alikuwepo mtu jina lake Kaijage. Ukame uliua ng'ombe wake, ukakausha na shamba lake. Baba mkwe akaja, akamchukua binti yake Nyamwiza pamoja na mtoto wao Mugisha. "Mwanangu atarudi nyumba hii ikiwa na chakula," akasema.

Kaijage akabaki peke yake. Akila, anamkumbuka mkewe. Akilala, anamkumbuka.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu. Akainama, akaita, "Malkia wa mchwa, nipe kumbikumbi nimpelekee mke wangu."

"Subiri mvua," Malkia akajibu. "Wanangu wataota mabawa, wataruka. Wanaoruka ni wenu, kaangeni mle. Wanaobaki ni wangu, nao watawazalia wengine mwakani."

Mwezi ukaandama. Kaijage akarudi. "Bado?"

"Bado. Subiri mvua."

Mara ya tatu alimkuta Fisi amesimama pale.

"Unaombaje na jembe unalo?" Fisi akamcheka. "Mke mzuri vile ataozwa kwingine! Chimba, tugawane."

Moyo wa Kaijage ukashtuka. Akashika jembe, akachimba.

"Usibomoe nyumba yangu!" Malkia akalia.

Hakusikia. Akachimba mpaka chini. Akakuta vitoto vyeupe, laini, havijaota mabawa, havijazi hata kiganja. Fisi akavilamba vyote, akammeza na Malkia, akaenda zake.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha. Vichuguu vya majirani vikafoka kumbikumbi, hewa ikajaa mabawa. Nyamwiza akatokea njiani, mtoto mgongoni, ungo mkononi, anakimbia na kucheka.

"Baba Mugisha! Nimemwambia baba tuna kichuguu, chakula kipo. Ameniruhusu!"

Nyamwiza akazunguka nyuma, akaona shimo limejaa maji. Ungo ukamdondoka.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Nilikuwa na hamu nawe, nikashindwa kusubiri."

"Hata mimi nilikuwa na hamu, mume wangu. Lakini nilisubiri."

Majirani wakampa kumbikumbi kidogo. Akamkaangia mumewe, wakala pamoja. Kesho yake akambeba mtoto, akarudi kwa baba yake kungoja mavuno ya mtama. Kaijage akamsindikiza hadi mtoni, akasimama pale mpaka kilemba cha mkewe kikapotea kwenye majani.

Ndiyo maana twasema, wanangu: kumbikumbi huokotwa, hachimbwi. Kula kinachoruka, acha kinachozaa.

Hadithi imekwenda kwao, nasi twende kwetu.