Digidigi Alivyoshukuru Mapema

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakivaa viatu na kuvivua mlangoni kama sisi, kulikuwa na klabu ya gofu mlimani. Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu si kubwa.

Gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo ndefu mpaka uingie katika kishimo chenye bendera. Wanyama wakubwa waliupenda sana. Lakini aliyekata nyasi, aliyefagia majani na kumwagilia maji alikuwa Digidigi, yule swala mdogo mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti.

Digidigi alifika pale siku ya mvua kubwa, mtoto mgongoni, hana pa kulala. Mwenyekiti wa klabu, Mzee Tembo, alimpa kazi na chumba kimoja cha bati kando ya uwanja wa mazoezi. Tangu siku hiyo Digidigi alikuwa mtu wa kushukuru. Alishukuru bati kwa kutovuja. Alishukuru reki. Akimaliza kukata nyasi aliiambia mashine, "Asante, sasa pumzika."

Ila alikuwa na haya. Mbele ya watu sauti yake ilimpotea kabisa.

Sasa ule uwanja wa mazoezi, mahali ambapo wachezaji hujifunza kupiga mpira kabla ya mchezo wenyewe, ulikuwa umeharibika. Kila asubuhi Kiboko aliukatiza akienda bwawani. Du! Du! Du! Nyuma yake alikuja Nyati, akienda malishoni. Du! Du! Du! Udongo ukashikana kama sakafu ya saruji. Maji hayakuingia, nyasi zikafa. Ukipiga mpira, fimbo inagonga chini, ngwa! na mkono wote unakufa ganzi.

"Bwana Kiboko, nakuomba uwe unazunguka kidogo," Digidigi alisema siku moja.

"Nizunguke? Mwili huu naubeba mimi au unanibebea wewe?"

Nyati alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumatatu moja Mzee Tembo alimwita Digidigi ofisini.

"Mama, wanachama wanalalamika. Uwanja wa mazoezi umekufa. Na Kiboko ameandika barua, anaomba pachimbwe bwawa la pili."

"Bwawa! Na chumba changu je, Mzee?"

Tembo aliangalia mkonga wake. "Chumba kiko ukingoni pale pale. Kitakwenda na maji. Nakupa mpaka Jumatatu ijayo. Ukiufufua uwanja, utabaki. Usipoufufua, kamati itampa Kiboko."

Haya, sasa mnajua kwa nini Kiboko hakutaka kuzunguka!

Digidigi hakulia. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua uma wa bustani, akaanza kutoboa ardhi ili hewa na maji vipate njia. Chop! Chop! Chop! Alitoboa Jumatatu mchana kutwa. Alitoboa na Jumanne. Alipoinua kichwa akaona ametoboa sehemu ndogo tu, kama mkeka wa kulalia watu wawili. Na viganja vyake vilikuwa na malengelenge.

Katika stoo ya klabu kulikuwa na gogo kubwa lenye misumari pande zote. Likivutwa, linatoboa ardhi yote kwa siku moja au mbili. Lakini gogo lile lilihitaji mtu mwenye shingo nene. Tena ulihitajika mchanga wa mtoni wa kujaza vile vitundu, na mchanga ulihitaji mtu mwenye mgongo mpana.

Digidigi akawafuata Kiboko na Nyati bwawani.

"Mabwana, nisaidieni. Siku mbili tatu tu."

"Nisaidie kufukia bwawa langu la pili kabla halijachimbwa?" Kiboko akapuliza maji puani, pfuuu! "Nenda kafungashe sufuria zako, mama."

"Mimi ningekuja," alisema Nyati, "lakini nina kazi muhimu."

"Kazi gani, Bwana Nyati?"

"Ya kumtazama Kiboko akioga."

Wakacheka, ho ho ho! Digidigi akarudi nyumbani. Alimnyonyesha mtoto, akawaza. Akawaza tena. Halafu masikio yake yakasimama, tii!

Nataka mjue desturi moja ya klabu ile. Kila siku saa kumi jioni wanachama walikunywa chai barazani. Aliyetaka kumshukuru mwenzake alisimama akamshukuru mbele ya wote. Naye aliyetajwa, kama asante ile ilimstahili, alisimama na kuinama. Akiinama, amekubali, na watu wanapiga makofi.

Jumatano saa kumi, Digidigi alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa. Wanyama wote waligeuka kumtazama kwa mshangao, kwani hawakuwahi kumsikia akizungumza barazani.

"Na... naomba kushukuru," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Namshukuru Bwana Nyati, atakayeleta mchanga wa mtoni kwa mgongo wake. Na namshukuru Bwana Kiboko, atakayevuta lile gogo la misumari mpaka uwanja wa mazoezi utoboke wote. Mungu awabariki kwa moyo wao."

Nyati alipaliwa na chai. Kiboko alifungua kinywa, na mnajua kinywa cha Kiboko kilivyo. Lakini kabla hajatoa neno, Mzee Tembo alikuwa amesimama, masikio yamepanuka kwa furaha.

"Kiboko! Wewe uliyeutaka uwanja huo ndiye unayeutengeneza? Mwanaume wewe! Na mimi niliyekudhania mchoyo!"

"Mimi... eh... Mwenyekiti, mimi..."

"Anaona haya! Tazameni, anaona haya!"

Makofi yakalia, pa-pa-pa-pa! Twiga alimpungia kitambaa. Pundamilia aliita, "Hongera, Bwana Kiboko! Hongera, Bwana Nyati!" Hakuna aliyewahi kumpongeza Kiboko kwa kitu chochote. Alihisi joto limepanda masikioni. Akasimama, akainama. Nyati kuona mwenzake ameinama, akaogopa kuonekana mvivu peke yake. Naye akainama.

Digidigi akateremka kwenye ndoo upesi, akakimbilia chumbani kwake.

Alhamisi asubuhi, Kiboko huyo, gogo shingoni. Kruu! Chopo-chopo-chopo! Misumari ikaingia ardhini. Nyati huyo, viroba vya mchanga mgongoni. Pwa! Kila alipomwaga, Digidigi alisambaza kwa reki mpaka vitundu vikajaa.

"Asante, Bwana Nyati! Asante sana, Bwana Kiboko!" aliita kila mara.

"Acha kelele, wewe," Kiboko alinong'ona, huku akitazama kama Twiga yuko karibu.

Ijumaa pia walifanya kazi. Jumamosi, wakipumzika kivulini nyuma ya stoo, Nyati akauliza, "Ndugu yangu Kiboko, hivi ni lini ulikwenda kwa yule mama ukajitolea?"

"Mimi? Sikujitolea! Nilidhani wewe ndiye uliyetuandikisha."

"Mimi nilidhani ni wewe!"

Wakatazamana. Lo! Wakasimama pamoja, vumbi likatimka mpaka mlangoni pa Digidigi.

"Toka nje!" Kiboko alinguruma. "Umetudanganya!"

Digidigi akatoka, mtoto mgongoni. Nusu nzima ya mchanga ilikuwa bado, na nyasi hazijapandwa.

"Ni kweli, Bwana Kiboko. Nimedanganya."

"Nakwenda kumwambia Mwenyekiti sasa hivi! Utafukuzwa leo, si Jumatatu!"

"Nenda," Digidigi alisema polepole. "Nami nitakiri. Lakini atakuuliza jambo moja. Kama hukujitolea, uliinama kwa nini?"

Kiboko, aliyekuwa amekwisha kugeuka, akarudi hatua moja.

"Atauliza: 'Kiboko, ulichukua makofi ya watu kwa kazi ambayo hukuwa na nia ya kuifanya?' Na wewe, Bwana Nyati, vilevile. Mimi nimesema uongo mbele ya watu wote barazani. Nyinyi mmeuitikia."

Nyati alikuna kichwa kwa kwato. "Huyu mama," alisema, "ametufunga kamba bila kamba."

"Sikuwa na njia," Digidigi alisema, na machozi yakamlengalenga. "Niliwaomba vizuri mkanicheka. Huyu mtoto hana nyumba nyingine ila hii. Nisameheni kwa uongo. Lakini asante zangu sizirudishi. Zile zilikuwa za kweli, ila nilizitoa mapema."

Kiboko alimtazama mtoto wa Digidigi, aliyekuwa akimchekea bila kumwogopa. Akatazama uwanja, nusu una mchanga mweupe, nusu hauna. Akashusha pumzi ndefu.

"Nyati."

"Naam."

"Viroba vimebaki vingapi?"

"Vingi."

"Basi unangoja nini?"

Wakarudi kazini. Jumapili walichimbua mabamba ya nyasi hai ukingoni mwa klabu, wakayabeba, na Digidigi akayapanga moja kando ya jingine kama mtu anayeshona viraka. Kisha Kiboko akalala chini, akabingirika taratibu kutoka huku hadi kule, blulu-blulu-blulu, uwanja ukawa sawa kama meza. Digidigi akamwagilia. Maji yakazama ardhini, sss, hayakusimama hata tone.

Jumatatu Mzee Tembo alikuja na fimbo yake. Akaweka mpira juu ya nyasi. Akapiga. Fyuuu! Mpira ukaruka juu, ukapita miti. Tembo akautazama mkono wake kwa mshangao.

"Haukufa ganzi!" alisema. "Mama, uwanja umefufuka. Chumba ni chako. Hakuna bwawa."

Akamgeukia Kiboko. "Utasikitika?"

Kiboko alijikohoza. "Bwawa moja linanitosha, Mzee, na njia ya kuuzunguka uwanja naijua sasa," alisema. "Ila waambie wanachama nani alilivuta gogo."

Wakati wa kwenda nyumbani, Digidigi aliwafuata Kiboko na Nyati mpaka nje ya geti. Hapakuwa na baraza wala makofi. Aliwashika mikono, mmoja baada ya mwingine, akawashukuru tena, na safari hii sauti yake haikutetemeka.

Wanangu, nami hadithi yangu naiweka chini hapa: ukishapokea asante ya kazi, kazi hiyo ni yako, uifanye.