Kwa Nini Mtu Huungwa Mkono

Kulikuwa na wakati, na anayetafuna atafune polepole nisikike, ambapo mkono ulikuwa mkono tu. Ulikuwa kitu cha kulia ugali na kufukuzia nzi. Nguo hazikuwa na mikono, mto haukuwa na mkono, ndizi zilihesabiwa moja moja mpaka watu wakasinzia, na bahili aliitwa bahili, basi. Watu wakipatana bei, kila mmoja aligeuza mgongo akaenda zake. Dunia ilikuwa kavu namna hiyo, na watu wala hawakujua kwamba ni kavu.

Kazi moja tu ya ziada ndiyo mkono uliyokuwa nayo, nayo ni kupima nguo. Katika bonde la Mbwego, pale mto unapogawanyika na kuzunguka mashamba ya migomba, palikuwa na gulio. Wafumaji walileta vitambaa vya pamba, na kitambaa kilipimwa kuanzia kiwiko cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Huo ndio mkono mmoja. Sasa niambieni nyinyi mnaojua kila kitu: kiwiko cha nani? Kidole cha nani?

Ehee! Hapo ndipo palipowaka moto. Anayeuza alitaka mkono mfupi, anayenunua alitaka mrefu. Basi kila upande ulikuja gulioni na mpimaji wake. Wapimaji walilaza mikono yao mkekani ubavu kwa ubavu, kiwiko kando ya kiwiko, kila mtu aone tofauti, kisha ugomvi ulianza mpaka mmoja akakaukiwa na sauti.

Wauzaji walikuwa na Mwatabu. Msichana huyu aliumbwa na mikono mifupi na ulimi mrefu, na Mungu hakukosea, maana vyote viwili vilimfaa. Alikuwa na ufundi wake pia. Alikirudisha kiwiko nyuma kidogo, akakikunja kidole cha kati kidogo, na huku anaongea bila kupumua, ili mteja atazame mdomo badala ya kidole. Kila mfumaji alimwita mwanangu. Kila mnunuzi alimwita majina ambayo siyasemi hapa.

Wanunuzi nao wakampata Semboja, kijana aliyeweza kujikuna goti bila kuinama.

"We Semboja," Mwatabu alikuwa akimwambia, "hiyo ni mikono au ni ngazi ya kuchumia nazi?"

"Na wewe hiyo ni mikono au ni vijiko?" Semboja alijibu. "Nikuletee uji ukoroge?"

Watu waliacha bidhaa zao wakaja kutazama. Mbuzi walikula mchicha wa watu siku hizo, na hakuna aliyejali.

Siku moja Semboja hakuja. Ilisemekana ana homa. Mwatabu alipima nguo kutwa nzima bila mtu wa kumbishia. Alishinda kila mara, akarudi nyumbani amenuna, akaitupa kanga yake kitandani.

"Umeshinda, mbona umevimba?" mama yake alimuuliza.

"Sijui, mama. Gulio la leo halikuwa na chumvi."

Mama yake alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, naye alijua mara moja ni chumvi gani iliyokosekana. Alicheka peke yake jikoni mpaka mboga ikaungua.

Semboja alipopona alipeleka posa, na posa ikapokelewa. Yatima huyu alilelewa na mjomba wake, Mzee Kilala, mfumaji hodari kuliko wote bondeni, na mgumu wa kutoa kuliko wote bondeni. Palikuwa pamebaki jambo moja tu, yaani mkaja wa mama. Mnaujua mkaja? Ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni akishajifungua. Kijana anayeoa humpa mama mkwe mkaja, kuliheshimu tumbo lililombeba mkewe. Asubuhi ya harusi mama hufungwa mkaja ule mbele ya watu wote, na usipofungwa mkaja hakuna ndoa. Mama Mwatabu alitaja mikono minne, wala hakuzidisha.

Mzee Kilala akakaa akawaza. Akajiambia: mimi ninatoa kitambaa, na anayetoa kitambaa ni kama muuzaji, na muuzaji ana mpimaji wake. Basi siku ya gulio, Semboja akiwa nyumbani kwa kuwa bwana harusi hakutakiwa kuonekana sokoni, mzee alikiweka kitambaa kizuri chenye pindo jekundu mbele ya Mwatabu.

"Nipimie mikono minne, mwanangu. Kama kawaida yako."

"Ya nani hii, mzee?"

"Ya mtu," akasema Mzee Kilala.

Mwatabu alikuwa na harusi kichwani. Alirudisha kiwiko, akakunja kidole, akapima huku anaimba, tena siku ile alikunja zaidi kuliko siku zote kwa ile furaha. Mzee akakata, akashukuru, akaondoka haraka.

Asubuhi ya harusi ngoma zililia tangu jua linachomoza. Mwatabu alikaa chumbani amefunikwa shela, miguu yake ina hina, moyo wake unaruka. Nje wanawake walimzunguka mama yake kwa vigelegele, wakauchukua mkaja, wakauzungusha. Wakauvuta. Wakauvuta tena. Mama akavuta pumzi akaingiza tumbo ndani. Wapi! Ncha mbili zile zilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Vigelegele vikakatika, kisha ngoma nayo ikanyamaza.

"Nimembeba mtoto," mama yake Mwatabu akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko hata chembe, "nikamzaa, nikamlea. Leo mnaniletea kitambaa cha kufutia masufuria?"

Akamtafuta Mzee Kilala kwa macho. Mzee alikuwa amesimama kando, mkono mmoja ameuweka kiunoni, umekunjika, umekaza.

"Mtazameni alivyosimama! Kama birika! Huo mkono wake ni mkono wa birika, haujapata kunyooka tangu azaliwe!"

Watu walicheka, walishindwa kujizuia, lakini kicheko kile hakikuponya kitu. Mama akaukunja mkaja akautupa mkekani. "Rudini kwenu. Hakuna harusi hapa."

"Mikono ilipimwa minne!" Mzee Kilala akapiga kelele. "Tena na mpimaji ambaye bonde zima linamjua. Nendeni mkamuulize, yumo humo chumbani!"

Chumbani Mwatabu alichungulia kwenye upenyo wa mlango akaona pindo jekundu. Lo! Akilikumbuka pindo lile, alikikumbuka na kidole chake kilivyojikunja. Angeweza kukaa kimya. Bibi harusi hatoki, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukaa kimya. Aibu yote ingekuwa ya mzee, na Semboja angerudi kwao, na magulio yote yaliyobaki ya maisha yake yangekosa chumvi.

Akatoka. Akatoka hivyo hivyo na hina yake, shela mkononi, wanawake wakashika midomo.

"Mama, niliyepima ni mimi. Nilikunja kidole."

Mama yake alimgeukia. "Ukanipunja mimi?"

"Sikujua kama ni wewe, mama!"

"Na wale wengine wote, mwanangu? Wale ulijua ni mama wa nani?"

Mwatabu alilia mpaka wanja ukamchirizika mashavuni. Kisha akajifuta, akamwomba Mzee Kilala alete kitambaa kilichobaki. Na mzee, kwa namna watu walivyokuwa wakimtazama, alikimbia kukileta.

Mwatabu akapiga magoti mkekani. Akalaza mkono wake, kiwiko mahali pa kiwiko, na kidole akakinyoosha mpaka kifundo kikalia. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mkono ule ulionyooka bado ulikuwa mfupi, mfupi wa kutia huruma, na sasa watu walijua kwamba sehemu ile haikuwa hila.

"Huu ndio mkono wangu, mama. Mimi naishia hapa."

Mtu akapenya kutoka upande wa wanaume. Semboja alipiga magoti kando yake, hakumwangalia mtu yeyote, akaulaza mkono wake mrefu pale pale kilipokomea kidole cha Mwatabu. Kiwiko chake kikagusa ukucha wa Mwatabu.

"Ulipoishia wewe naanzia mimi," akasema. "Weka mwingine."

Mwatabu akaweka mwingine, naye akaunga tena. Minne hiyo. Wanawake wakakichukua kitambaa wakamzungusha mama, kikamzunguka chote, kikafungwa fundo, na ncha zikabaki zikining'inia mapajani kwa maringo. Mama akazishika ncha zile, akaanza kutikisa mabega, na kile kicheko chake kikatoka. Wanasema ng'ambo ya mto mbwa walibweka. Ngoma ikalia tena, na harusi ikawa harusi.

Siku hiyo hiyo, kabla wali haujaiva, mama aliagiza ikatwe kamba yenye urefu wa mkono wa Mwatabu ukiungwa na wa Semboja, ikunjwe katikati, na fimbo ikatwe sawa na nusu ile. Fimbo ikafungwa kwenye nguzo gulioni. Huo ukawa mkono, wa muuzaji na wa mnunuzi, na hakuna tena aliyeleta mpimaji wake. Wale wawili wakafungua duka la nguo pale pale. Waliendelea kutaniana na kugombana, lakini si juu ya vipimo.

Na watu wakalipenda neno lile, mwajua tena watu wakipata kitu kipya! Kila kitu wakakiita mkono. Kwenye karamu walichoka kuhesabu ndizi moja moja, wakazikata kwa vichane, wakasema mpe yule mkono mmoja wa ndizi. Semboja alishonewa kanzu iliyomfunika mpaka viganjani, ya kwanza kuonekana, na ile sehemu iliyofunika wakaiita mkono. Maji yaliyozunguka gulio wakayaita mkono wa mto. Waliokuja na zawadi wakasema wameleta mkono wao, na ndiyo maana mpaka leo mtoto anakudai mkono wa Idi na mfiwa anapewa mkono wa pole. Mpaji wakamwita mkono wazi. Na Mzee Kilala, maskini, jina la mkono wa birika lilimng'ang'ania mpaka kaburini, kisha likatoka kaburini likatafuta wengine. Wamo hata humu ndani. Sitaji mtu.

Ile mikono ya gulioni nayo ilikuwa imezoea. Muuzaji na mnunuzi wakishapatana walijikuta bado wananyoosha mikono kuelekeana, kama zamani wapimaji wao walivyoilaza mkekani ubavu kwa ubavu, ila sasa hapakuwa na cha kupima wala cha kubishania. Wakaona haya kuirudisha mitupu. Wakashikana. Hivyo ndivyo watu walivyoanza kupeana mkono wakipatana bei, na wakionana, na wakiagana.

Na tangu siku hiyo, mtu akinyoosha mkono wake wote kwa ukweli ukafika mwisho, na kazi bado haijafika mwisho, akatokea mwingine akapiga magoti kando yake akaanzia pale yeye alipoishia, hatusemi amemhurumia wala amemkopesha. Tunasema amemuunga mkono.

Haya. Wangu umeishia hapa. Nani anaunga?