Binti Aliyekimbia Mbele Akiimba

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo, mviweke magotini. Kuna binti mmoja nataka mumwone asubuhi ya leo. Sitawatajia jina lake wala mtaa wake, maana nawajua, mtaanza kuulizana ni mtoto wa nani.

Binti huyu alikuwa amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Tangu akiwa mdogo alitaka jambo moja tu, kuingia chuo cha maafisa wa jeshi. Alitaka nyota begani, basi. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi, na mtaa mzima ulishapata habari. Mteja akija kupunguza suruali, ataondoka na suruali yake pamoja na hadithi ya binti. Fomu zenyewe zilikuwa hazijatoka, lakini mzee alishaanza kumwita afande. "Afande, chai iko tayari?" Mnacheka, eh? Wazazi wa kanisa hili mna haki gani ya kucheka?

Basi fomu zikatoka. Ukurasa wa tatu ulikuwa na swali: umewahi kuongoza wapi, uliongoza watu wangapi, ambatisha cheti au barua. Hapo binti akakwama. Shuleni hakuwahi kuwa kiranja. Kazi yake ilikuwa moja, kuongoza nyimbo za mchakamchaka asubuhi, kwa sababu Mungu alimjalia sauti. Na alichelewa kuanza shule, kwa hiyo mwakani umri wa kuomba ungekuwa umempita. Ni mwaka huu au basi tena.

Likizo ile zilitangazwa kambi mbili za vijana, tarehe zilezile. Ya kwanza ilikuwa mjini, hotelini, vijana mia tatu, wasemaji wakubwa wakubwa, fulana kwa kila mmoja, na mwishoni cheti chenye muhuri unaong'aa. Ya pili ilikuwa ya watoto wa kanisa, juu milimani kwenye mashamba ya chai. Watoto arobaini, siku ishirini na moja, na walikuwa wanatafuta dada wa kuwaongoza. Huko hakukuwa na cheti. Mama mlezi wa kambi angekuandikia barua kwa mkono wake.

"Nenda hotelini," baba alisema. "Watu wazito hao. Cheti kile ukikiweka mezani, hata mwenye kukuhoji atakaa vizuri kwenye kiti."

"Baba, kule nitakaa nisikilize watu wakiongea. Kwenye fomu, pale penye watu wangapi, nitajaza nini?"

Mzee akaendelea kukanyaga cherehani.

Binti akaenda milimani. Sasa niseme ukweli wake, kwa sababu mkianza kumsifu hapa mtamsifu mapema. Hakwenda kwa ajili ya wale watoto. Alikwenda kwa ajili ya ile arobaini. Alikuwa ameshaiona kwenye fomu, imeandikwa kwa wino mweusi. Alichagua jema kwa sababu mbovu. Je, sisi hatujawahi? Ulipochaguliwa mwenyekiti wa kamati, jambo la kwanza ulilofikiria lilikuwa kazi au kiti?

Kambini, saa kumi na mbili asubuhi, ni mchakamchaka. Ninyi mliosoma shule zetu mnaujua vizuri. Kiongozi wa wimbo anakimbia mbele, anatoa, wengine wanaitikia. Nyuma anakimbia mwalimu wa zamu na fimbo yake, anawakusanya wanaolegea. Kwa miaka yote ya shule binti huyu hakuwahi kugeuka nyuma hata mara moja. Ageuke kutafuta nini? Nyuma kulikuwa na mwenye zamu.

Milimani hakukuwa na mwalimu wa zamu. Na hilo, ndugu zangu, halikumjia akilini.

Siku ya tatu kulikuwa na ukungu mzito, barabara huioni hatua kumi mbele. Binti akaona huu ndio wakati wa sauti yake. "Nani amechokaaa?" Watoto wakaitika, "Hakuna!" "Nani anataka kurudi?" "Hakuna!" Wachuma chai walisimama na vikapu vyao mgongoni kusikiliza. Moyo ulimjaa. Alijiona na magwanda, alijiona na kikosi. Akaongeza mwendo.

Walipoingia kambini, mama mlezi alikuwa langoni na sufuria ya uji. Akagawa vikombe. Vikabaki viwili.

"Wawili wako wapi?"

"Wapo, mama. Wote walikuwa wanaitikia."

"Nimekuuliza wako wapi. Sijakuuliza walivyoitikia."

Binti akageuka, akahesabu vichwa, akahesabu tena. Thelathini na nane. Alirudi mbio barabara ile ile, safari hii bila wimbo, akiita majina na kugundua kwamba majina yenyewe hayajui. Siku tatu amewaongoza, na hakujua anamwita nani! Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Ukungu ule, magari ya kubeba chai, mitaro ya kina, na watoto wa watu.

Aliwakuta kwenye kalavati, karibu nusu ya njia. Mmoja alikuwa wa miaka sita, kiatu kimepasuka, kisigino kinatoka damu. Mwingine, msichana wa miaka kumi, amemkalisha mapajani na amemfunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwani. Walipomwona, yule mkubwa akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kwa nini hamkuniita?"

"Tuliita, dada. Ulikuwa unaimba."

Binti akapiga magoti atazame kile kisigino. "Na wewe mkubwa, huna jeraha. Kwa nini hukwenda na wenzako?"

Yule mtoto akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Angebaki na nani?"

Alimbeba mdogo mgongoni mpaka kambini, na machozi hayakumkauka njia nzima. Alilia kwa aibu. Asubuhi iliyofuata, siku ya nne, aliwapanga mstari, akamwita yule wa miaka kumi, akamweka mbele. "Wimbo ni wako," akamwambia. Yeye mwenyewe akaenda kusimama mwisho kabisa. Niwaambie, nyimbo ziliharibika. Yule mtoto alikuwa hajui kupanda wala kushuka, na mwendo ulikuwa wa kobe. Lakini kuanzia siku ile vikombe vya uji vilikuwa vinatoka arobaini, na binti alikuwa anajua jina la kila mtoto, na nani ana pumu, na nani anaogopa mbwa.

Siku ya mwisho mama mlezi akampa barua, wazi, bahasha haijafungwa. Binti akaisoma palepale. Ilisema: Aliongoza watoto arobaini kwa siku ishirini na moja. Siku ya tatu aliwapoteza wawili barabarani kwa sababu hakugeuka nyuma. Alirudi mwenyewe akawaleta. Kuanzia siku ya nne alimwachia mtoto wimbo wa mchakamchaka, akakimbia nyuma yao wote.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "hiyo ya siku ya tatu ni lazima?"

"Nikiitoa siku ya tatu, binti yangu, siku ya nne itaeleweka vipi?"

Nyumbani baba alisoma barua ile, akavua miwani, akaisoma tena. "Huyu mama tumemkosea nini?" Kisha akakumbuka: ile kambi ya hotelini ilikuwa na awamu ya pili, inaanza Jumatatu, na fomu za jeshi bado zilikuwa zinapokelewa. "Unaenda, unachukua cheti, unaambatisha. Hii tunawashia jiko. Nani atajua?"

Na ni kweli, nani angejua? Fikirini vizuri. Ndoto ya maisha yake yote ilikuwa inaning'inia kwenye karatasi moja, na karatasi hiyo inasema alipoteza watoto. Jumamosi nzima hakula vizuri. Jumapili akachukua pini, akaibana barua kwenye fomu.

"Baba, cheti kile kitasema nilihudhuria. Hii inasema nilichofanya. Wakinikataa, wanikatae mimi."

Mzee alisikitika, lakini hakumzuia.

Siku ya usaili, maafisa watatu mezani. Wa katikati, mwenye mvi, akaisoma barua kwa sauti mbele ya wenzake.

"Ulipoteza watoto wawili."

"Ndiyo, afande."

"Naona ilikuwa milimani. Hakukuwa na ukungu?"

"Ulikuwepo, afande. Lakini kosa lilikuwa langu."

Akafunua makaratasi mengine. "Tangu juzi nimewahoji vijana sitini. Wote walikuwa mbele. Wewe ndiye wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho akiwa na barua inayosema alikuwa nyuma. Sasa niambie, wimbo ulimpa nani?"

"Yule mtoto aliyebaki na mwenzake, afande."

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu siku ile ya tatu, afande, kiongozi alikuwa yeye."

Alichukuliwa. Najua mlitaka kusikia hilo, basi nimewaambia, alichukuliwa! Na yule mzee wa cherehani leo hashikiki. Ana nakala ya barua kwenye droo yake ya nyuzi. Mteja akija anasomewa yote, na akifika pale penye "aliwapoteza wawili" anapunguza mwendo, anasoma kwa kujidai, kidole kikiwa juu ya mstari. Mstari ule ule aliotaka kuuchoma.

Nami ningeweza kuishia hapa, tukajisikia vizuri, tukaenda kula.

Lakini asubuhi hii tuliimba pambio hapa mpaka mabati yakatetemeka. Mliitika! Nami nilikuwa mbele, mikono juu, na nakiri kwenu kwamba moyo wangu ulijaa. Nikasema, kanisa langu liko hai. Kisha nikaketi, nikatazama safu ya nne, pale dirishani. Kuna mama alikuwa anakaa pale, mwenye kilemba cha bluu. Ana wiki ngapi hajaonekana? Mimi mchungaji wake sijui. Na yule kijana aliyefukuzwa kazi, nani alimwona mara ya mwisho? Na wale wazee wawili waliokuwa wanakuja wameshikana mikono, siku hizi anakuja mmoja. Je, kuna aliyemuuliza?

Sisi tumehesabu kelele, hatukuhesabu watu. Tulidhani kuna mtu wa zamu huko nyuma, na hakuna. Inawezekana kabisa walituita, na hatukusikia.

Kwa hiyo nawaomba, kwaya, leo msiimbe wimbo wa kutokea. Tutoke kimya. Na kila mmoja wetu, kabla hajafika kwake, apite kwanza kwenye nyumba ya mtu ambaye leo hayupo.