Uzio wa Bwana Lugendo

Reli ya zamani ilipong'olewa, wanakijiji walifyeka tuta lake likawa njia ya miguu na baiskeli hadi mjini. Bwana Lugendo, tajiri wa ng'ombe, akaweka uzio katikati.

"Reli hii ni ya ukoo wetu," alisema. "Hapiti mtu."

Mwantumu, muuza maandazi, alishuka kwenye baiskeli yake.

"Na treni je?"

"Nayo ni yetu."

"Mbona haionekani?"

"Ilikufa zamani."

"Mkaifanyia matanga?"

"Wewe mwanamke una wazimu?"

Mwantumu alijishika kichwa, akalia njia nzima hadi kijijini: "Bwana Lugendo kafiwa na treni!"

Kufikia adhuhuri, ua wa Lugendo ulijaa mikeka. Wanawake walilia kwa zamu, wazee wakampa pole. Na kwa kuwa mfiwa hamwulizi mtu ataondoka lini, ng'ombe alichinjwa, kisha wa pili. Abiria wa zamani wakaanza kuwasili kutoka vituo vya mbali.

"Jikaze, bwana," Mwantumu alimnong'oneza. "Bado arobaini."

Lugendo alichukua shoka, akaenda kuubomoa uzio, kisha akarudi uani.

"Treni hiyo," alisema mbele ya wote, "sina undugu nayo."

Mwantumu alifuta machozi, akapanda baiskeli.

"Kunjeni mikeka, jamani. Kumbe tumekosea nyumba."