Kuruta wa Sajini Meja

Nyumba za kambi ile zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Kila mlango ulikuwa na namba yake, na mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa kila Jumamosi, yawe machafu yasiwe. Katika nyumba ya kona aliishi sajini meja, mtu aliyepiga sare yake pasi hata nzi akaona haya kutua. Sauti yake ilikuwa ya gwaride, na nyingine hakuwa nayo.

Yeye na mkewe, muuguzi wa zahanati ya kambi, hawakujaliwa mtoto. Idara ya ustawi wa jamii ikawapa binti wa miaka saba wamlee kwa majaribio. Majirani nao hawana dogo; wakambandika binti jina la Kuruta. Hawakukosea sana, kwa kuwa sajini meja alijua njia moja tu ya kulea mtu. Alimwamsha kwa filimbi, akamkagua kucha, akamfundisha kutandika kitanda kama cha bwenini. Aliamini kwamba anampenda, na katika hilo hakujidanganya.

Shida ilikuwa uwanja wa shabaha, uliokuwa nyuma tu ya nyumba. Risasi zikianza kulia, mtoto huingia chini ya kitanda, na chakula hakigusi siku nzima.

"Toka!" sajini meja alinguruma akiwa amesimama mlangoni. "Nyumba hii haina mwoga!"

Mtoto akazidi kujibana ukutani.

"Mume wangu, huyo si askari," mkewe alimwambia. "Shuka chini uzungumze naye."

"Nishuke? Thubutu! Nikishuka leo, kesho atanipanda kichwani."

Afisa wa ustawi, mama mmoja asiye na maneno mengi, alipokuja hakuficha. "Afande, mtoto anakonda. Ijumaa nikimkuta hivi tena, naondoka naye. Wapo wengine wanaomtaka."

Maneno hayo yalimchoma sajini meja. Alikwenda kuwaomba wakubwa wasogeze zoezi la Ijumaa. Wakubwa walicheka mpaka wakafuta machozi.

Ijumaa ikafika. Mtoto alikuwa amesukwa, ameketi sebuleni, chai mezani. Afisa hajamaliza kikombe, risasi zikaanza, na kiti cha mtoto kikabaki kitupu. Mama yule aliweka kikombe chini.

"Dada, naomba nguo zake."

Muuguzi alianza kukunja vigauni huku machozi yakimtoka. Mke wa koplo, jirani yao, alikuwa amesimama mlangoni kwa kitambo. Alikuja kuomba chumvi, kama alivyofanya kila nyumba iliyokuwa na mgeni.

Sajini meja aliingia chumbani, akafungua kinywa apige kelele, kelele zisitoke. Chini ya kitanda aliona kisigino kidogo kikitetemeka. Basi akavua kofia, akalala kifudifudi juu ya sakafu na sare ile ile, akaingiza kichwa mvunguni. Miguu yake ikaziba mlango, na mkewe akawa anamvua viatu pale pale alipolala, akilia na kucheka.

"Na mimi naogopa," sajini meja alimwambia mtoto.

"Wewe?"

"Mimi. Siku yangu ya kwanza uwanjani nilijikojolea. Suruali nzima! Mpaka leo moyo unashtuka, ndiyo maana napiga kelele."

Mke wa koplo aliziba mdomo kwa mikono miwili. Sajini meja alimsikia. Alijua kuwa kabla ya jua kuzama kambi nzima itakuwa nayo habari hiyo, hadi makuruta wenyewe. Aliona aibu sana, lakini hakufuta hata neno moja alilosema.

"Sogea huku basi," mtoto alisema. "Ukutani hazisikiki sana."

Sajini meja akajisukuma ndani mpaka mabega yakakwama. Walikaa hivyo hadi risasi zikanyamaza, kisha wakatoka, wote wawili wamejaa vumbi.

Afisa alimwinamia mtoto. "Mwanangu, twende?"

"Siendi. Zikilia tena, huyu atakaa na nani?"

Mama yule alizirudisha nguo kwa muuguzi, akaomba kikombe kingine cha chai.

Miezi yote ile sajini meja alimwita mtoto akiwa amesimama wima, asimpate. Wahenga walishasema, wala hawakumsamehe mwenye cheo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.